Gamba la miaka milioni 40 linapimwaje joto la bahari, ilhali limeshageuka jiwe?

Mwalimu wa Kilwa aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari wilayani Kilwa. Wiki iliyopita, tukiwa kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi, niliwaeleza wanafunzi kwamba wanasayansi hulijua joto la bahari la mamilioni ya miaka iliyopita kwa kupima kemia ya magamba ya viumbe wa baharini, na nikaongeza, kwa fahari kidogo, kwamba baadhi ya magamba hayo yalitoka katika udongo wa Kilwa hii hii tunayoikanyaga. Nilidhani nimemaliza. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, gamba likikaa ardhini miaka milioni arobaini si huwa limeshageuka jiwe? Sasa hapo anayepimwa ni mnyama au ni jiwe?"

Nilimwambia kwamba nitamletea jibu, na tangu siku hiyo kila nikiingia darasani ananitazama kwa namna ya kunikumbusha deni. Naomba mwenye ujuzi anieleze, kwa lugha ambayo naweza kuifikisha darasani, gamba linawekaje kumbukumbu ya joto, na mpimaji anajuaje kwamba kumbukumbu hiyo haikuharibiwa na muda wote huo wa kukaa ardhini. Pia, kama kuna anayejua kwa hakika habari za magamba ya Kilwa, anisahihishe kama nilitia chumvi.

Mzee wa Miamba alijibu:

Mwalimu, hukutia chumvi hata kidogo, na huyo binti ameuliza swali lililowahangaisha wataalamu wenyewe kwa miongo kadhaa. Nitaanza na lile la kwanza, la gamba kuweka kumbukumbu, kwa kuwa bila hilo la pili halitaeleweka.

Gamba la chaza, la kome, la konokono wa baharini, na hata la wale viumbe wadogo wa seli moja waitwao foraminifera, limejengwa kwa kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo mali iliyomo katika matumbawe waliyoyachoma wazee wetu wa pwani ili kupata chokaa. Ndani ya kabonati mna oksijeni, na oksijeni hiyo mnyama huipata kutoka katika maji anamoishi. Atomi za oksijeni hazilingani uzito. Zaidi ya asilimia 99.7 ni oksijeni 16, nyepesi. Karibu asilimia 0.2 ni oksijeni 18, nzito. Na kiasi kidogo mno ni oksijeni 17, ambayo kwa shughuli hii tunaweza kuiacha. Gamba linapojengwa huchukua oksijeni nzito kwa uwiano unaozidi kidogo ule wa maji, na ziada hiyo huwa kubwa zaidi maji yakiwa ya baridi. Tofauti yenyewe ni ndogo: uwiano ukipanda kwa sehemu moja katika elfu, maana yake ni kwamba maji yalipoa kwa nyuzi nne hadi tano hivi za sentigredi. Ndiyo maana kazi hii haikuwezekana mpaka zilipotengenezwa mashine za kutenganisha atomi kwa uzito wake kwa usahihi mkubwa sana.

Aliyeliona jambo hili kwa hesabu kabla halijapimwa ni Harold Urey, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1934 kwa kugundua hidrojeni nzito. Mwaka 1947 alichapisha hesabu za namna isotopu (yaani atomi za elementi moja zisizolingana uzito) za elementi mbalimbali zinavyogawanyika kwa kutegemea joto, na mwaka 1951 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago wakachapisha vipimo vya visukuku vyenyewe, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa miambani. Mmoja wa wanyama waliowapima alikuwa belemnaiti wa zama za Jurasia, zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Belemnaiti walikuwa jamaa wa ngisi, wenye kiungo kigumu ndani ya mwili chenye umbo la risasi, ambacho hukua kwa tabaka juu ya tabaka kama mti. Walikikwangua tabaka kwa tabaka kutoka katikati kwenda nje, wakapima kila tabaka, na mawimbi ya joto na baridi yakajitokeza. Mnyama yule alikuwa ameishi majira matatu ya joto na majira manne ya baridi baada ya ujana wake, alikuwa akiishi kwenye maji ya joto zaidi alipokuwa mchanga, na alikufa wakati wa majira ya kuchipua, akiwa na umri wa miaka minne hivi. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Belemnaiti mwingine, wa miamba ya Peedee huko South Carolina, ndiye aliyefanywa kipimo cha kulinganishia vipimo vyote. Unga wake ulikwisha zamani, lakini jina lake linatumika hadi leo, mfano wa kibaba kilichovunjika ambacho watu wanaendelea kukitaja sokoni.

Swali la mnyama au jiwe namwachia anayeshika magamba hayo kwa mikono yake.

Chekecheo63 alijibu:

Shikamoo Mzee wa Miamba, na salaam kwako Mwalimu. Nafanya kazi katika maabara ya kuosha udongo na kuchambua visukuku vidogo, kwa hiyo jina langu humu lina sababu: 63 ni ukubwa wa matundu ya chekecheo letu, kwa mikromita. Udongo hulowekwa, ukachekechwa kwa maji mpaka tope lote likapita, kikabaki kitu kama mchanga mwembamba. Hicho hukaushwa, kisha mtu hukaa kwenye hadubini na brashi nyembamba yenye unyevu, akaokota foraminifera mmoja baada ya mwingine. Wengi hawafikii hata nusu milimita. Ni kazi ya kuumiza shingo, na hakuna mashine iliyoweza kuiondoa kabisa.

Jibu la swali la mwanafunzi wako ni kwamba mara nyingi kinachopimwa ni vyote viwili, mnyama na jiwe kwa pamoja, na hapo ndipo wataalamu walipopotea kwa muda mrefu. Sikilizeni ilivyokuwa.

Foraminifera wengi waliopimwa katika miaka ya nyuma walitoka kwenye tope jeupe la sakafu ya bahari kuu. Tope lile karibu lote ni magamba, na lina nafasi nyingi zinazopitisha maji. Kiumbe aliyeishi juu kabisa, kwenye maji ya vuguvugu, anapokufa gamba lake huzama hadi chini ambako maji ni ya baridi zaidi, likafukiwa. Huko, kwa muda mrefu, sehemu ya kabonati yake huyeyuka na kuganda upya papo hapo, fuwele kwa fuwele, bila umbo la gamba kupotea. Ukilitazama kwa hadubini ya kawaida utaapa kwamba ni lile lile. Lakini kabonati mpya imejengwa kwa maji ya baridi ya chini, kwa hiyo imebeba oksijeni nzito zaidi. Ukilipima, utaambiwa kwamba bahari ya juu ilikuwa ya baridi, wakati anayesema hivyo ni tope la sakafuni.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Vipimo vya magamba ya bahari kuu vilionyesha kwamba bahari za ukanda wa tropiki mwishoni mwa zama za Kretasia (zilizoisha miaka milioni 66 iliyopita) na katika Eosini (kati ya miaka milioni 56 na 34 hivi iliyopita) zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu, yaani baridi kuliko Bahari ya Hindi ya leo, na hali wakati huo huo wa Eosini mamba wa jamii ya aligeta waliishi kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Haikuingia akilini. Kulikuwa na waliotafuta nadharia za mikondo ya bahari iliyobeba joto lote la tropiki na kulipeleka kwenye ncha za dunia.

Kisha mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba yaliyohifadhiwa katika udongo wa mfinyanzi, yakiwemo ya Tanzania. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji. Gamba lililofukiwa humo ni kama kitu kilichofungwa kwenye mtungi na kuzibwa mdomo. Vipimo hivyo viliipa bahari ya tropiki nyuzi 28 hadi 32 kwa uchache. Kitendawili cha tropiki ya baridi kikateguka, na kilichokitegua hakikuwa nadharia mpya. Ilikuwa aina ya tope.

Magamba haya, Mwalimu, ni ya kuona kwa macho. Gamba lililogeuka huwa jeupe lililofifia, kama kipande cha chaki. La udongo wa Kilwa hung'aa kama kioo, na kwa hadubini unaweza kuona ndani yake. Tukilivunja na kulitazama ukuta wake kwa hadubini ya elektroni, lililo salama lina chembe ndogo mno na vitundu vyake vya asili viko wazi. Lililogeuka lina fuwele kubwa zenye pembe, kama chumvi ya mawe. Upo pia uthibitisho wa kemikali. Gamba linapoganda upya kwa kawaida hupoteza strontiamu, na katika mazingira mengi ya kufukiwa hupata manganisi, kwa hiyo magamba makubwa kama ya chaza na belemnaiti hupimwa vitu hivyo kwanza, na yasiyofaa yakatupwa. Tena magamba ya wanyama wengi hujengwa kwa aragonaiti, aina ya kabonati isiyodumu, ambayo ikiguswa na mabadiliko hugeuka kalsaiti, aina iliyo imara zaidi. Ukikuta aragonaiti imebaki aragonaiti baada ya miaka milioni kadhaa, huyo ni shahidi wa kuaminika.

Naomba umwambie binti yako kwamba angekuwa kwenye mkutano wa wataalamu miaka ya tisini na akauliza vile, ukumbi ungenyamaza.

Mwalimu wa Kilwa:

Ahsanteni sana. Nimewasomea wanafunzi majibu yote mawili, na habari ya udongo wa mfinyanzi imewaingia kwa kuwa wanaufahamu vizuri: mvua zikinyesha, ndio unaowavua viatu njiani. Lakini mvulana wa dawati la nyuma ameleta jingine. Anasema kama oksijeni ya gamba hutoka kwenye maji, je, maji yenyewe hayabadiliki? Leo nimeandika swali lake ubaoni bila kujaribu kulijibu.

Mtafiti wa Unguja alijibu:

Hongera kwa darasa hilo. Maji hubadilika, na aliyewakosesha wataalamu hapa ni barafu.

Maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi. Mvuke ukisafiri hadi kwenye ncha za dunia, ukaanguka kama theluji na kubaki huko maelfu ya miaka bila kurudi baharini, bahari hubaki na mgao mkubwa zaidi wa oksijeni nzito. Gamba litakalojengwa wakati huo litakuwa zito hata kama joto halikubadilika. Baridi na barafu, basi, huliandikia gamba kwa wino mmoja, na mtu akisoma namba hiyo peke yake hawezi kujua ni yupi kati yao aliyeandika.

Cesare Emiliani alichapisha mwaka 1955 vipimo vya foraminifera wa enzi za barafu, akayahesabu mabadiliko mengi kuwa ni ya joto. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton wa Cambridge akaonyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa ni ya barafu. Alifanya jambo jepesi lenye akili: aliwatazama foraminifera wanaoishi sakafuni. Maji ya kilindini leo yana nyuzi chache tu juu ya kuganda, kwa hiyo hayana nafasi ya kupoa zaidi kwa kiasi kikubwa, na bado magamba ya wakazi wa huko yalikuwa yamebadilika karibu sawa na ya wale wa juu. Hapakuwa na maelezo mengine ila maji yenyewe. Kile kilichoonekana ni hasara kikageuka kuwa faida, kwa kuwa tulipata njia ya kukadiria ukubwa wa barafu ya dunia nzima kutokana na tope la bahari. Ilipofika kilele cha barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa imeshuka mita 120 hivi, na oksijeni nzito ilikuwa imepanda kwa takriban sehemu moja katika elfu. Kwa watu wa kwetu hilo si jambo la mbali: wakati huo mkondo kati ya Unguja na bara ulikuwa nchi kavu, na mtu angeweza kutoka Bagamoyo hadi hapa kwa miguu. Pemba haikufikika hivyo, maana mkondo wake una kina kirefu mno.

Kwa magamba ya Kilwa ya Eosini tatizo hili ni dogo, kwa sababu wakati huo hapakuwa na barafu kubwa kama ya leo, na maji ya bahari hukadiriwa kuwa mepesi kwa takriban sehemu moja katika elfu kuliko ya sasa. Kwa nyakati nyingine hutafutwa shahidi wa pili ndani ya gamba lile lile. Magnesi ni mmoja: maji yakiwa na joto zaidi, foraminifera huingiza magnesi nyingi zaidi mahali pa kalsiamu, kiasi cha asilimia tisa hivi kwa kila nyuzi moja. Ukishajua joto kwa magnesi, unalitoa katika hesabu ya oksijeni, na kinachobaki ni cha maji. Tatizo la magnesi ni kwamba kila spishi ina tabia yake, na kwamba bahari yenyewe hubadilisha kiasi chake cha magnesi katika mamilioni ya miaka. Njia nyingine, iliyoelezwa na kundi la John Eiler huko California mwaka 2006, inahesabu ni mara ngapi kaboni nzito na oksijeni nzito zimekaa pamoja katika kabonati moja. Kukaa pamoja huko hutegemea joto tu, na haidhuru maji yalikuwa mepesi au mazito. Kwangu mimi hii ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa nadharia, ila kwa vitendo hudai unga mwingi zaidi wa gamba, jambo ambalo kwa viumbe wa nusu milimita ni kilio.

Magamba ya Kilwa yametumika pia kwa kazi ambayo wengi hawaijui. Kwenye mpaka wa Eosini na zama zilizofuata za Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, barafu ya Antaktika ilijijenga kwa mara ya kwanza kwa ukubwa wa bara zima. Pearson na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walipima isotopu za boroni katika foraminifera waliochimbwa Tanzania. Mgao wa boroni nzito na nyepesi ndani ya gamba hufuata uchachu wa maji, na uchachu wa maji hufuata hewa ukaa iliyoko angani. Waliona kwamba hewa ukaa ilishuka kabla ya barafu kukua. Katika udongo huo huo wanaonekana pia foraminifera wenye miiba waitwao hantkenina wakitoweka moja kwa moja, na kutoweka kwao ndiko kunakotumika duniani kote kuweka alama ya mpaka wa zama hizo mbili.

Kabla sijasahau: wanajiolojia wameyapa matabaka ya kundi hilo la Kilwa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Wanafunzi wako wanayafahamu kama vituo vya basi.

Mkazi wa Muscat alijibu:

Assalaam alaykum. Nami naomba kuchangia kutoka huku Oman, kwa kuwa liko gamba la hapa ambalo kwa ufundi wa upimaji huenda linashinda yote yaliyotajwa.

Kabla ya kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria, bahari za vuguvugu zilikuwa na kombe wa ajabu waitwao rudisti. Gamba lao la chini lilikuwa refu kama bomba au kikombe, na la juu likawa kama kifuniko, wakajazana pamoja kama mitungi dukani. Mmoja wao, wa spishi ya Torreites sanchezi, aliokotwa katika miamba ya Saiwan hapa Oman, na watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Brussels wakachapisha habari zake mwaka 2020. Walilichoma kwa miale ya leza, vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho vikiwa kwenye mstari, wakapima magnesi, strontiamu na elementi nyinginezo hatua kwa hatua. Gamba lilikuwa na mistari ya kila siku. Walipoihesabu waliona kwamba mwaka mmoja wa miaka milioni 70 iliyopita ulikuwa na siku 372.

Urefu wa mwaka wenyewe, yaani muda wa dunia kulizunguka jua, haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichobadilika ni siku, ambayo ilikuwa ya saa 23 na nusu. Mwezi huvuta maji ya bahari, maji hayo husuguana na dunia na kuipunguzia mwendo, na mwezi nao husogea mbali nasi kwa takriban sentimita 3.8 kwa mwaka. Kombe huyo hakuwa na habari ya mwezi wala saa. Aliongeza tu gamba lake mchana zaidi kuliko usiku, kwa zaidi ya miaka tisa. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo iliyowafanya watafiti waamini kwamba ndani ya mwili wake walikuwemo mwani wanaotumia mwanga, kama wale wanaoishi ndani ya kombe wakubwa wa miamba ya matumbawe leo. Kwa hiyo kemia haikueleza mazingira peke yake, ilieleza pia maisha ya mnyama ambaye hana jamaa aliye hai wa kulinganishwa naye kwa karibu.

Joto walilolipata lilifikia nyuzi 40 majira ya joto, na lilizidi 30 majira ya baridi.

Mtafiti wa Unguja:

Ndugu yangu wa Muscat, hesabu ya siku naikubali bila shaka yoyote, kwa sababu ni kuhesabu mistari. Hiyo namba ya 40 ningeisoma kwa tahadhari zaidi. Bahari ndogo ya kina kifupi chini ya jua kali huvukizwa sana, maji yake yakawa na chumvi nyingi na oksijeni nzito, na anayehesabu joto lazima kwanza akadirie maji yalivyokuwa. Tena ni gamba moja la mahali pamoja. Sisemi kwamba si kweli. Nasema ni namba ya bahari ndogo hiyo, si ya bahari zote za wakati ule.

Mkazi wa Muscat:

Nakubali, na ndivyo ilivyo hata leo: wavuvi wa Ghuba, yenye maji moto ya kina kifupi, na wavuvi wa Salalah, kusini mwa Oman, hawaogi bahari moja.

Mwana wa Sabaki alijibu:

Hamjambo nyote. Mambo ya mamilioni ya miaka nimeyafurahia, ila naona tusiyapite ya karibu. Huku Malindi, ndani ya hifadhi ya bahari, matumbawe makubwa ya mviringo yamechimbuliwa vijiti virefu vya mifupa yao na kupimwa kwa njia hizo hizo. Tumbawe si gamba, lakini nalo hujenga aragonaiti mwaka baada ya mwaka. Vipimo vya oksijeni vilivyochapishwa mwaka 2000 vilirudi nyuma hadi mwaka 1801, yaani kabla ya mtu yeyote kutumbukiza kipimajoto mara kwa mara katika bahari hii, na vilionyesha bahari ikizidi kuwa ya joto, huku ikipanda na kushuka sambamba na Pasifiki.

Kazi iliyonigusa zaidi ilikuja mwaka 2007. Kila aliyekulia Malindi anajua kwamba mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta maji mekundu mpaka mbele ya mji. Udongo ule hubeba bariamu, na bariamu ikifika kwenye chumvi ya bahari huachia udongo na kuingia majini, tumbawe likaichukua. Kwa kupima bariamu katika tumbawe moja la miaka 300 hivi, watafiti waliona kwamba mmomonyoko wa udongo ulikuwa mdogo kwa miaka mingi, kisha ukaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba ya kikoloni yalipofunguliwa bara. Babu zetu walisema kwamba mto haukuwa mwekundu hivi. Tulidhani ni masimulizi ya wazee kusifia ujana wao.

Mwalimu wa Kilwa:

Ndugu zangu, sina neno la kutosha. Nina ombi moja la mwisho, la vitendo. Yule binti wa kwanza sasa anataka kujua kama gamba aliloliokota ufukweni mwaka huu linaweza kueleza lilikufa msimu gani, na kama kuna jambo lolote tunaloweza kulifanya darasani bila mashine.

Mzee wa Miamba:

Darasani, Mwalimu, chukueni siki kali na kipande cha gamba. Vile viputo mtakavyoviona ni hewa ukaa inayotoka kwenye kabonati, na ndiyo njia ya maabara pia, isipokuwa wao hutumia asidi ya fosforiki, wakaikusanya ile hewa na kuihesabu: iliyo nyingi ina uzito wa 44, na ile yenye oksijeni 18 ina uzito wa 46. Tafadhali wasitie siki kwenye visukuku, na wasichimbe kwenye makorongo wakitafuta. Wanaofanya utafiti huo huomba vibali kwanza.

Kuhusu msimu, inawezekana. Bahari ya Kilwa huwa na joto la kukaribia nyuzi 30 kuelekea mwisho wa kaskazi, na hushuka hadi nyuzi 25 hivi kusi ikishika, kwenye Agosti. Hiyo ni tofauti ya takriban sehemu moja katika elfu ya oksijeni nzito, ambayo mashine za leo huiona bila taabu. Achague kombe aliyekulia mbali na mdomo wa mto, kwa sababu maji ya mvua yana oksijeni nyepesi na yatajifanya joto. Alipasue kwa msumeno mwembamba kutoka kwenye kiungo hadi ukingoni, autazame upande uliokatwa, ahesabu mistari. Asianzie katikati. Siku ya kifo imeandikwa kwenye ule ukingo mwembamba unaomkata mtu mguu akikanyaga, na ndiyo sehemu ya kwanza kumeguka gamba likiviringishwa na mawimbi, kwa hiyo hilo la ufukweni huenda limeshaipoteza. Aende asubuhi kwa akina mama wanaookota chaza maji yakitoka, aombe moja lililo zima.